Shangazi, mwanangu hakumbuki siku tuliyomleta mdogo wake nyumbani

"Shangazi shikamoo. Nina watoto wawili, wa miaka 8 na 5. Mama yangu amefariki mwaka jana ndo nikagundua utoto wangu wote alikuwa nao yeye kichwani, mimi nimebaki na picha tatu na kwenye mojawapo sijui hata ni nani kanipakata. Nikanunua daftari niwe naandika kila siku mambo ya wanangu, nimeandika siku 11 nikaacha. Juzi nikamuuliza mkubwa kama anakumbuka tulivomleta mdogo wake nyumbani, siku ile aligoma kushuka kitandani mpaka tumpe ampakate. Kaniangalia tu, hakumbuki kitu. Nimelia sana. Nimekosea wapi?" – Mama wa Wawili

Marahaba mwanangu, na pole sana kwa kuondokewa na mama.

Hujakosea popote. Mtoto wa miaka 8 kusahau ya miaka 3 ni ubongo unavokua, sio malezi yako. Kuna watafiti wa Chuo Kikuu cha Emory kule Marekani, Patricia Bauer na Marina Larkina, waliwarekodi watoto wa miaka 3 wakiongea na wazazi wao mambo waliyofanya, halafu miaka ya mbele wakawarudia kuwauliza yale yale. Wenye miaka 5 hadi 7 walikumbuka zaidi ya asilimia 60, wa miaka 8 na 9 kama asilimia 35 tu. Kwa hiyo huyo wako yuko palepale kumbukumbu za mwanzo zinapopotea, na zinapotea kwa watoto wa watu wote.

Sasa hilo daftari la kila siku liache, na usijilaumu. Mtu ana watoto wawili, ana msiba, halafu ajibebeshe na kuandika kila usiku, hapo anajitafutia deni tu. Fanya mara moja kwa mwaka, siku ambayo haihami, bethidei ya kila mtoto au siku ya mwisho ya mwaka, maswali yale yale kila mwaka. Saa hizi unaogopa nini, nani rafiki yako, nini kinakuchekesha, na hili usiliruke hata kama linauma: mwaka huu mama nimefanya nini hukupenda. Andika jibu kama lilivotoka mdomoni, usinyooshe lugha yake, usimsahihishe.

Mi na wangu tulianza akiwa na miaka 4. Ukurasa wa kwanza una kiganja chake nimekizungushia penseli, mstari umepinda kwenye kidole cha mwisho kwa sababu alikuwa anatekenyeka anacheka, na chini yake nimeandika "jana ya mbele", ndo alivokuwa anaita kesho. Picha za mwaka ule ninazo kibao na hakuna hata moja yenye hilo neno. Saa hizi ana miaka 19, majuzi kalifungua daftari kaweka mkono wake mkubwa juu ya kile kiganja, kanyamaza, halafu akaniuliza, "Kumbe nilikuwa naogopa maputo?" Tukakaa pale hadi usiku tunaongea.

Na hayo maongezi ndo kazi yenyewe, daftari ni pa kuanzia tu. Mtoto anayesimuliwa na kuulizwa "halafu ikawaje?", "we ulijisikiaje?" anabaki na mengi kuliko yule anayeulizwa "unakumbuka au hukumbuki?" maana hilo la pili ni mtihani, akishasema hapana stori imekufa hapo hapo. Kwa hiyo usimuulize tena mkubwa kama anakumbuka. Msimulie. Mwambie ulikaa kitandani hivi, ukanyoosha mikono hivi, ukakataa kushuka. Haitakuwa kumbukumbu yake kama ile ya kwanza lakini itakuwa stori yake, na atakuwa nayo hata we ukiwa haupo.

Vifaa sitasema sana. Penseli haipauki kama wino wa kalamu nyingi, nyuma ya picha andika majina na mwaka kwa mkono mwepesi, na picha za simu weka nakala sehemu mbili maana simu inaibiwa. Mwaka ukipita hamjafanya, fanyeni siku mtakayokumbuka. Mkubwa akifika umri wa kuona aibu, muombe ruhusa kabla hujawasomea wageni maneno yake.

Kuhusu wewe mwenyewe. Mama hayupo ila naamini wapo waliokuona ukikua, mama wadogo, shangazi zako, jirani wa zamani. Wapigie wiki hii, washa rekoda, wapelekee na hizo picha tatu uwaulize nani huyo kanipakata. Usisubiri mkutane kwenye msiba mwingine.

Na huyo mdogo ana miaka 5, ya miaka 3 bado anayo mengi. Jioni hii mkae, mwambie akusimulie kitu chochote cha zamani anachokijua, ukiandike na mwaka juu, hata kama anakwambia kuna siku aliruka hadi juu ya nyumba.