Nimelipa lakini benki inasema sijalipa

SWALI: Asalam aleykum ustadh. Nauza vitambaa hapa Eastleigh, nilichukua mzigo kwa murabaha kwa benki moja ya Kiislamu, nalipa kila mwezi kwa Paybill. Mwezi uliopita nilikosea tarakimu moja ya akaunti pesa ikaingia kwa mteja mwingine wa benki hiyo hiyo, sasa wananiambia nimechelewa na wamenipiga faini. Hii si riba kweli? Nataka niende kwa kadhi.
Mama Vitambaa

JIBU: Waaleykum salaam mama. Usifute hiyo meseji ya M-Pesa hata kidogo, maana hapo ndio kuna namba ya muamala, saa na namba ya akaunti uliyoandika. Iprinti, andika barua, peleka kopi mbili kwa tawi lako na yako wagonge muhuri. Ya simu hayashiki, leo unaongea na huyu kesho yule anakwambia hajasikia kitu, na Qurani yenyewe, Al-Baqarah aya ya 282, imetaka deni liandikwe. Fanya haraka, kurudisha pesa kunaweza kungoja mwenye ile akaunti akubali.

Sasa faini. Kwa murabaha benki ilinunua mzigo ikakuuzia kwa bei yenye faida mliyokubaliana, na bei hiyo haipandi hata ukichelewa. Faini inawekwa kwenye mkataba ili mwenye uwezo asizungushe watu, lakini kwa viwango vya AAOIFI, ile taasisi ya Bahrain, pesa hiyo inaenda sadaka chini ya bodi ya sharia, benki haili. Kwa hivyo waulize kwa maandishi, hii faini inaenda wapi? Wakiila wao basi ni riba, na hilo mimi siwezi kulinyamazia. Na kwa maoni yangu wewe waifute kabisa, hukumzungusha mtu, pesa ilikuwa kwao tangu siku uliyolipa.

Kwa kadhi utapoteza nauli tu mama. Katiba ya 2010, kifungu cha 170, imempa ndoa, talaka, hadhi ya mtu na mirathi, mambo ya benki hayamo. Tawi wakikataa andikia bodi yao ya sharia, halafu Benki Kuu. Ikishindikana kuna mahakama ya madai madogo pale Milimani, inasikiza kesi hadi shilingi milioni 1, sheria inataka iishe ndani ya siku 60 na si lazima uwe na wakili, ila soma mkataba kwanza uone kama mlikubaliana usuluhishi.

Na ya mwezi huu lipa kwa wakati, usiizuie kwa hasira, wasije wakapata sababu ya kweli.