Usiende Soba Kutumikia Kifungo

Usiku wangu wa kwanza soba hausi, nyumba wanamoishi na kutibiwa wanaoacha dawa za kulevya au pombe, nilificha sabuni chini ya mto. Hakuna aliyeniambia kuna wezi, ni mazoea ya mahabusu tu. Asubuhi jirani yangu wa kitanda, mtu mzima aliyekuwa na miezi minne mle, aliiona akacheka. "Wewe bado uko ndani," akasema.

Alikuwa sahihi. Hakimu alinipa nichague, jela au matibabu ya kuishi hukohuko, nami nilichagua matibabu kama mtu anayechagua jela yenye godoro zuri zaidi. Nikaanza kuhesabu siku. Kaka unayesoma hii ukisubiri kupelekwa, au mama unayetafuta pa kumpeleka mwanao aliye na kesi, hilo la kuhesabu siku ndilo ninalotaka kulizungumzia.

Jela ina shule yake. Usiseme shida zako. Usimwamini mtu. Usichongee. Msome askari anataka kusikia nini, kisha umpe hichohicho. Kule mambo hayo yanakulinda. Mimi nilikuja nayo yote soba, na kwa wiki tano niliyatumia vizuri sana. Ndani ya siku kumi nilikuwa nimeshika maneno yote ya washauri. Kwenye kikao cha kundi nikalia, tena machozi ya kweli, ila niliyokuwa nikiyalilia siyo niliyokuwa nikiyasema. Mshauri alinisikiliza mpaka mwisho akasema, "Umeongea vizuri mno. Kesho jaribu kuongea vibaya."

Na kuhusu kuchongea: mwenzetu mmoja aliingiza kete za heroini. Nilijua, nikanyamaza, kwa sababu ndivyo mwanaume anavyofanya. Tulimkuta sakafuni bafuni, midomo imebadilika rangi. Aliyemrudisha ni muuguzi wa zamu aliyekuwa na naloksoni, dawa inayoondoa nguvu ya heroini mwilini kwa muda, mtu akaanza kupumua tena. Tangu siku ile sijaweza tena kuita ukimya wa namna hiyo uaminifu.

Kilichonifunga mdomo zaidi ni hofu. Niliamini kila ninalosema litafika kwa hakimu. Sikuuliza. Nilipokuja kuuliza, jibu lilichukua dakika moja: ofisa wa probesheni, anayenifuatilia kwa niaba ya mahakama, anapata mahudhurio, majibu ya mkojo na makosa ya kuvunja sheria za nyumba. Maneno ya chumba cha ushauri yanabaki chumbani, isipokuwa nikitishia kumdhuru mtu. Unakokwenda huenda mpango ni mwingine kabisa, kwa hiyo uliza kabla hujatia sahihi, na uombe uoneshwe kwenye karatasi. Uliza pia nini kinatokea ukianguka, yaani ukitumia tena ukiwa mle. Kuna nyumba zinazokurudisha mahakamani siku hiyohiyo, na zipo zinazobadilisha matibabu kwanza.

Uliza kama kuna daktari au muuguzi. Arosto ya heroini, yaani mateso ya mwili ukiikosa, inatesa, siku ya pili na ya tatu unatamani ufe, lakini kwa kawaida inaanza kulegea ndani ya wiki, na mara chache inaua mtu mwenye afya anayepewa maji na kuangaliwa. Pombe ni hadithi nyingine. Mtu aliyekunywa sana kila siku kwa muda mrefu akikatishwa ghafla anaweza kupata degedege, akaweweseka, akafa. Vidonge vya usingizi kama valiamu ni vivyo hivyo. Nyumba inayokuambia "sisi tunamfungia tu mpaka zitoke" usimwachie mtu wako. Inayofunga watu minyororo au kuwachapa, hata kikombe cha maji usinywe pale.

Methadoni je, dawa ya kunywa anayopewa teja kliniki badala ya heroini? Nilikuwa miongoni mwa waliokuwa wakiwacheka wanaoinywa, eti wamebadilisha uteja mmoja kwa mwingine. Shirika la Afya Duniani liliiweka methadoni pamoja na buprenofini, dawa nyingine ya kazi hiyohiyo, kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2005. Kama mtu wako yuko kwenye dozi na inamsaidia, tafuta nyumba itakayomwacha aendelee nayo.

Utasikia pia kwamba aliyelazimishwa na mahakama haponi, mpaka aamue mwenyewe. Mwongozo wa NIDA, taasisi ya Marekani inayotafiti dawa za kulevya, unasema si lazima matibabu yawe ya hiari ndipo yafanye kazi. Mimi ni ushahidi mdogo wa hilo, nilikwenda kwa amri. Mwongozo huo unasema pia kwamba matibabu ya kuishi kituoni yakiwa chini ya siku 90 faida yake ni ndogo. Kwa hiyo mwenye amri ya siku 30 asijidanganye kwamba kazi imekwisha.

Hapo ndipo kuhesabu siku kunapoua. Mwili uliokaa miezi bila kutumia hauhimili tena dozi ya zamani, lakini kichwa kinaikumbuka ileile. Utafiti uliotoka mwaka 2007 uliwafuatilia watu zaidi ya 30,000 waliotoka magereza ya jimbo la Washington, Marekani. Katika wiki mbili za mwanzo hatari yao ya kufa ilikuwa karibu mara 13 ya watu wengine, na kufa kwa kuzidisha dawa ilikuwa mara 129. Hao walitoka jela, lakini anayetoka soba naye anatoka na mwili uleule uliosahau. Basi wiki mbili hizo zipangwe mapema: nani atakupokea mlangoni, utalala wapi, kliniki ni siku gani, naloksoni iko mkononi mwa nani. Familia, msimpe fedha za mkupuo kumpongeza. Mpeni nauli, na mmoja wenu apande naye gari.

Muda wangu wa mahakama ulipoisha niliomba niongezewe wiki mbili. Nililala kitanda kilekile, safari hii bila hati ya mtu yeyote, na ningeweza kuondoka saa yoyote. Usiku ule sikupata usingizi kabisa.