Mwanao yuko Kayumba? Msikilize akisoma

Kama una mtoto anayesoma shule ya msingi ya serikali, hizi tunazoziita Kayumba, nakuomba ufanye jambo moja leo jioni kabla hajalala. Tafuta maandishi yoyote ya Kiswahili ambayo hajawahi kuyaona: kipande cha gazeti, tangazo la mkutano wa mtaa, hata maelezo ya kwenye mfuko wa unga. Mpe asome kwa sauti. Kama yuko darasa la tatu au zaidi na anakwama kila neno, habari ya begi jipya na viatu iweke pembeni kwanza.

Nimefundisha darasa la kwanza na la pili katika shule ya serikali huku Temeke, Dar es Salaam, kwa miaka mingi, na wanangu wamesoma shule hizohizo. Ninayoyaandika nimeyaona nikiwa mwalimu na nikiwa mzazi.

Tangu Januari 2016, elimu bila malipo ilipoanza, watoto walimiminika shuleni. Hilo lilikuwa jema na nitalitetea siku zote, maana wapo waliokuwa wakitembeza karanga stendi wakaja kuandikishwa. Tatizo ni kwamba walimu na madarasa havikuongezeka kwa kasi hiyo. Kiwango cha serikali ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45. Mimi nimesimama mbele ya watoto zaidi ya 140, dawati la watatu limebeba watano, wengine wamekaa sakafuni hadi karibu na miguu yangu. Ukisahihisha kila daftari kwa dakika moja tu, saa mbili zimekwisha na hujamaliza. Ruzuku ambayo serikali huipa shule nayo ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi kwa mwaka mzima, na ndani yake kuna sehemu ya vitabu. Piga mwenyewe hesabu ya chaki, karatasi za mitihani na kitasa kilichovunjika.

Katika wingi huo mwalimu hufundisha kwa kuitikisha. Anaandika ubaoni, anaonyesha kwa fimbo, darasa zima linapaza sauti: ba, be, bi, bo, bu. Wanaojua wanawabeba wasiojua. Kuna binti mmoja alikuwa akisoma ukurasa wa kitabu chake bila kusita, mama yake anamsikiliza nyumbani na kufurahi. Siku moja nikafunika picha kwa kiganja na kumwambia aweke kidole kwenye kila neno analolitamka. Kidole kilifika mwisho wa mstari wakati mdomo uko katikati. Nilipomwonyesha neno "shamba" peke yake, alinyamaza. Alikuwa ameukariri ukurasa mzima kwa kusikia wenzake, na hiyo ni akili nyingi sana, ila hakuwa anasoma.

Ndiyo maana nasema mpe maandishi mageni. Au chukua kitabu chake hichohicho umwambie asome mstari kuanzia neno la mwisho kurudi la kwanza. Aliyekariri atakwama hapohapo. Kiswahili kinatupa nafuu kubwa, kwa sababu kinaandikwa kinavyotamkwa. Mtoto akishazishika sauti za herufi na silabi, anasoma hata neno asilolijua maana yake. Wengi hawakwami kwenye "baba" na "kaka". Wanakwama konsonanti zinapokaa mbili au tatu pamoja: mba, nda, nya, ng'o, kwa, mbwa. Anzia hapo. Andika maneno machache kwenye karatasi, nyanya, ng'ombe, mbwa, kwato, mkae nayo robo saa kila jioni, kisha mwache aangalie katuni zake. Kama mzazi hukubahatika kusoma, kaka au dada yake anaweza kukaa naye, nawe umwombe akusimulie alichosoma. Mtoto aliyeelewa anasimulia.

Kwa nini ninakazania kusoma kuliko kitu kingine? Kwa sababu darasa la kwanza na la pili ndiko KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, zinakofundishwa. Kuanzia darasa la tatu mwalimu wa sayansi anaandika ubaoni akiamini kila mtoto anasoma, na hesabu zinakuja kwa maelezo: mama ana maembe mangapi, kauza mangapi. Asiyejua kusoma anaanguka hesabu ambayo kwa mdomo angeipata. Darasa la nne kuna upimaji wa taifa, na kidato cha kwanza masomo karibu yote yanageuka Kiingereza. Upimaji wa Uwezo, uliokuwa ukifanywa na shirika la Twaweza kwa kuwafuata watoto majumbani, ulionyesha mara kwa mara kwamba watoto wengi wa darasa la tatu hawawezi kusoma hadithi ya darasa la pili. Mimi sikushangaa. Niliumia tu.

Na maisha ya nje ya shule hayasubiri. Baba mmoja mtaani kwetu aliniletea karatasi ya mauziano ya kiwanja, tayari ameshaweka dole gumba. Vipimo vilivyoandikwa vilikuwa vidogo kuliko eneo alilolipia. Kesi ile ilimaliza akiba yake.

Wapo wazazi wanaokopa kikoba ili wamhamishe mtoto kwenda English medium ya bei poa. Siwalaumu, kila mtu anatafuta unafuu. Lakini nenda kwanza ukamsikilize mtoto wa darasa la pili wa hiyo shule akisoma. Kukariri ni kukariri, kwa lugha yoyote.

Ukija shuleni, usiniulize: "Mwanangu kawa wa ngapi?" Kuwa wa 20 kati ya 140 hakukuonyeshi kama anasoma. Niulize: "Mwalimu, anakwama wapi?" Swali hilo litanifanya nimtafute kesho yake asubuhi, nakuhakikishia, hata katika wingi ule. Mikutano ya wazazi nayo usiikwepe kwa kuogopa mchango wa uji. Huko ndiko mnakouliza ruzuku imetumikaje, na ndiko mnakochagua wajumbe wa kamati ya shule, ambao mara nyingi hupita wale walewale kwa sababu wengine hawakufika.

Kuna mzazi atakayesoma hapa na mwanae yuko darasa la tano au la sita, hajui kusoma. Hujachelewa. Watoto wakubwa hushika haraka, nimewaona wakisogea ndani ya muhula mmoja. Kinachowazuia zaidi ni aibu. Usimchape, na usimpe kitabu cha darasa la kwanza mbele ya wadogo zake. Kaa naye peke yenu, mrudi kwenye sauti za herufi, halafu mpe maandishi ya umri wake. Kama anapenda mpira, mpe ukurasa wa michezo, aanze na majina ya wachezaji anaowajua, kisha matokeo, kisha sentensi moja ya habari yenyewe. Kesho yake sentensi mbili.