Re: Mdogo wangu anarusha kwa kasi, mgongo unauma

Salaam kaka. Nimekuelewa: dogo ana miaka 16, anarusha mpira wa kriketi kwa mkono wa kulia, kiuno kinauma upande wa kushoto, na kocha anataka kumbadilishia mtindo wa kurusha.

Mtindo subiri kwanza. Maumivu ya upande ulio kinyume na mkono wa kurushia kwa mrushaji wa kasi mara nyingi ni dalili ya ufa kwenye pingili za mgongo. Mimi yalinikuta hapa Tanga nikiwa na umri huohuo. Nilichua kwa mafuta ya nazi miezi miwili huku narusha, nikapoteza msimu mzima. Apumzike leo hii, aende kwa daktari wa mifupa. Eksirei ikitoka safi msishangilie, ufa mchanga mara nyingi hauonekani humo, ulizieni kipimo cha MRI, kinachopiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku.

Kuhusu mtindo, mtazame James Anderson, mrushaji wa kasi wa Uingereza. Makocha walimrekebisha, 2006 akapasuka mfupa wa mgongo, akarudia urushaji wake wa asili. Alistaafu 2024 na wiketi 704, yaani wapigaji aliowatoa, katika mechi 188 za Test, zile za kimataifa za siku nyingi.

Halafu hesabuni mipira ya mazoezini pia, siyo ova za mechi tu (ova moja ni mipira sita). Dogo anarusha mingapi kwa wiki?