Mapunye yanayorudi baada ya krimu: jibu kwa dada wa Goma

Dada yangu wa Goma, umeuliza kwa nini mapunye ya mwanao yamerudi mara ya tatu ingawa umempaka krimu ya klotrimazoli asubuhi na jioni, kama vidonge vitamdhuru ini, na kama inafaa umzuie kwenda shule. Nakujibu kama mzazi wa Kadutu, hapa Bukavu, aliyepitia taabu hiyo na mtoto wake wa miaka sita. Mimi si daktari. Haya nilifundishwa na muuguzi aliyetutibu, kisha nikayasoma mwenyewe.

Hukukosea katika kupaka. Kuvu ya mapunye haikai juu ya ngozi tu, bali huingia ndani ya unywele wenyewe na kushuka hadi kwenye shina lake, mahali ambapo krimu haifiki. Ndiyo maana magamba hupungua kwa wiki mbili tatu, mzazi akashukuru, kisha vipara vikatokea palepale. Choa cha mkononi au tumboni ni jambo lingine: hicho krimu hukimaliza, mradi mtu aendelee kupaka wiki moja au mbili baada ya alama kutoweka. Kichwa kinahitaji dawa ya kumeza.

Kwetu ilikuwa griseofulvini, ambayo binadamu wameitumia tangu mwaka 1958. Haiui kuvu papo hapo. Huizuia kukua, na hujijenga ndani ya unywele mpya unaoota, hivyo unywele huo hutoka ukiwa umekingwa, huku ule wa zamani ukisukumwa nje kidogo kidogo hadi ukatwe. Kwa hiyo matibabu huchukua wiki sita hadi nane, na wakati mwingine zaidi. Mwanangu aliacha kujikuna katika wiki ya pili, na mama yake akataka tuweke akiba vidonge vilivyobaki. Kama tungefanya hivyo, leo tungekuwa tunauliza swali lako.

Kipimo hufuata uzito: miligramu 10 hadi 20 kwa kila kilo, mara moja kwa siku. Mtoto wangu alikuwa na kilo 18 na akaandikiwa miligramu 250. Usikubali kuuziwa vidonge na mtu ambaye hajampima mtoto kwenye mizani. Dawa hii huingia mwilini vizuri zaidi pamoja na mafuta, kwa hiyo tulimpa mara tu baada ya kula sambaza za kukaanga au sombe iliyoungwa kwa mawese.

Kuhusu ini, hofu yako ina msingi, lakini mara nyingi huelekezwa kwenye dawa isiyohusika. Vidonge vya ketokonazoli ndivyo vilivyowekewa vikwazo vikali Ulaya na Marekani mwaka 2013 kwa sababu ya madhara hayo, navyo usimpe mtoto. Griseofulvini haifai kwa mwenye ugonjwa mkali wa ini. Kwa mtoto mwenye ini zima, tulichoona sisi ni maumivu ya kichwa ya siku chache.

Jambo linaloniumiza hadi leo ni krimu ya mchanganyiko tuliyouziwa mwanzoni katika duka moja la dawa, yenye dawa ya kuvu, antibiotiki na steroidi kali pamoja. Muwasho ulizimika kwa siku tatu, nasi tukafurahi. Kumbe steroidi hutuliza ngozi kwa kudhoofisha kinga yake, na kuvu huenea ikiwa imejificha: doa dogo la kisogoni lilishuka hadi shingoni, likapoteza ukingo wake wa kawaida, hata muuguzi akasita kulitambua. Soma kisanduku, dada. Ukiona steroidi kama betametasoni au klobetasoli, usimpake.

Ndugu zake hawahitaji vidonge vya kinga. Kagua vichwa vyao, kisha uwaoshe mara mbili kwa wiki kwa shampuu ya ketokonazoli (nilichokukataza ni vidonge vyake, si shampuu), kwa kuwa mtu anaweza kubeba mbegu za kuvu bila dalili yoyote. Najua wengi wenu hununua maji kwa bidoni, basi anza na foronya, kofia na vitana, ambavyo visishirikiwe tena. Mashine ya kinyozi isafishwe kwa javeli kabla ya kumgusa. Pakitokea uvimbe wenye usaha, mtu asiupasue; ni kuvu ileile, na ukichelewa kufika kituo cha afya unaweza kuacha kipara cha kudumu.

Shuleni mwanangu alirudi siku iliyofuata baada ya kuanza vidonge, kwa kuwa mtoto akishaanza matibabu hakuna sababu ya kumfungia nyumbani. Nilimwomba mwalimu asiwaruhusu kubadilishana kofia, na wazazi wa watoto wawili wanaokaa naye dawati moja nikawaomba wawakague. Mmoja alikutwa na kipara nyuma ya sikio, akaanza dawa wiki hiyohiyo.