Mama anajua kabla ya polisi, ila hasemi

Mkuu, umeuliza mfanyeje ili familia za Wakongo na Warundi mtaani kwenu ziwaamini polisi, maana vijana wao wameanza kutembea kwa makundi na wazazi wako kimya. Nimekaa kamati ya ulinzi na usalama ya mtaa huku Temeke kwa muda mrefu, nikwambie nilichokiona.

Wale wazazi hawafugi wahalifu. Mama ndiye wa kwanza kujua mwanawe anarudi usiku wa manane na simu isiyo yake. Kinachomfunga mdomo ni swali atakaloulizwa akifika kaunta: kibali kiko wapi? Sheria ya Wakimbizi ya 1998 inamtaka mkimbizi akae kambini au alikopangiwa, kwa hiyo asiye na ruhusa ya kuwa Dar anajua ataanzia kituoni na kuishia Uhamiaji. Na hata wenye haki zao hawajiamini. Warundi waliokimbia mwaka 1972, zaidi ya 160,000, walipewa uraia mwaka 2014, lakini mtu akisikia lafudhi tu anawaita wakimbizi. Misako ya Panya Road, yale makundi ya vijana wahalifu wa Dar, ya 2022 ndiyo ikaharibu zaidi huku kwetu: vijana walizolewa vijiweni, wazazi wakazunguka vituo kutafuta watoto.

Kilichobadilisha hali ni polisi kata mmoja. Alipitia kwa mjumbe wa shina kwanza, akaomba kuhudhuria kikao cha kikoba cha akina mama. Akawaambia yeye anafuatilia usalama wa watoto, hakagui vibali. Hakuwaahidi kwamba Uhamiaji hawatakuja, maana hilo haliko mikononi mwake, na nadhani ukweli huo ndio uliowafanya wamsikilize. Akaacha namba.

Baadaye mama mmoja akapiga: kaona panga chini ya godoro la mwanawe. Afande akaja kiraia, mchana, na mwenyekiti wa mtaa. Wakakaa na kijana na baba yake mdogo mpaka jioni. Panga likatolewa, kijana akapelekwa kwa fundi wa kuchomelea. Angefungwa pingu mbele ya majirani siku ile, hakuna mama mwingine angepiga simu. Wengine walipiga.

Tatizo, afande akahamishwa. Aliyemfuata hakutambulishwa kwa mtu, simu zikakatika. Kwa hiyo dai mapema kwamba anayeondoka ampitishe mwenzake nyumba kwa nyumba, na mjumbe awepo.

Jambo jingine, dhamana. Ni bure, na mzazi mgeni akishatozwa hela mara moja habari inasambaa kote. Mtoto wa chini ya miaka 18 akikamatwa, mjumbe aende na mzazi moja kwa moja Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, na akae naye mpaka mwisho. Mzazi asiende peke yake.