0.15 si asilimia ya jeni zinazotutofautisha

SWALI: Nimesoma kwamba umbali wa kijenetiki kati ya Waafrika na watu wa Ulaya na Asia ni 0.15. Je, asilimia 15 ya jeni zetu ni tofauti? Mbona basi tunaitwa spishi moja?

JIBU: Hapana, ndugu msomaji. Swali hili naletewa mara kwa mara, na kosa huwa ni lile lile.

Namba hiyo ni kipimo kiitwacho FST, nacho hakihesabu jeni. Kinachopima ni hiki: katika tofauti zote za kijenetiki zilizomo kwa watu hawa, ni sehemu gani inayotokana na makundi yao kuachana? Hupatikana kama 0.10 hadi 0.15, kutegemea sehemu za jenomu (yaani DNA yote ya mtu) zilizopimwa. Zinazobaki, ambazo ndizo nyingi mno, zimo ndani ya kila kundi. Tena tofauti zenyewe ni haba: watu wawili wowote hupishana takriban herufi moja katika kila elfu ya DNA.

Umbali huo ulianza pale kundi dogo lilipotoka Afrika, yapata miaka 50,000 hadi 70,000 iliyopita, likiwa na sehemu tu ya aina za jeni zilizokuwepo. Katika kundi dogo aina nyingine hupotea na nyingine huenea kwa bahati tu, kizazi hadi kizazi. Hadi leo Afrika ndiyo yenye tofauti nyingi zaidi.

Walaghai huyaruka haya yote. Hukuonyesha jeni moja, kwa mfano ya Duffy, inayotengeneza protini ya jina hilo. Afrika Magharibi karibu kila mtu ana aina inayozuia protini hiyo isitokee kwenye chembe nyekundu za damu, na aina hiyo hukinga sana dhidi ya vivax, aina mojawapo ya malaria. Ulaya ni adimu. Kisha hukuaminisha kwamba jenomu nzima iko hivyo. Si kweli! Sehemu za namna hiyo ni chache sana. Kwingi, aina zile zile zipo pande zote, ila huku ni nyingi na kule ni kidogo.

Linaloniudhi kuliko yote ni kuigeuza namba hii kuwa mwongozo wa tiba. Selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, ipo Ugiriki, Uarabuni na India. Mtoto wa Kigiriki anayelia kwa maumivu ya mifupa, akinyimwa kipimo kwa kuwa eti huo ni ugonjwa wa Waafrika, anaachwa ateseke bila sababu. Apimwe damu. FST haisemi lolote kuhusu mgonjwa mmoja, na anayekuuzia ushauri wa afya kwa kutumia namba hiyo anakudanganya.